Steve Zakuani: mguu ulivunjika, masomo na sauti vikabaki

Mzaliwa wa Kinshasa aliyeng'ara katika chuo kikuu huko Marekani alilazimika kuacha mpira akiwa na miaka 26 tu. Leo ni mchambuzi wa kandanda. Safari yake inagusa swali ambalo familia nyingi za Kolwezi zinajiuliza: mtoto ashike mpira, shule au machimbo?

Ilikuwa dakika ya 3 tu ya mchezo. Tarehe 22 Aprili 2011, karibu na mji wa Denver nchini Marekani, winga wa Seattle Sounders, Steve Zakuani, alikuwa anakimbia na mpira wakati kiungo wa Colorado Rapids, Brian Mullan, alipomwendea kwa nguvu zote. Mifupa yote miwili ya chini ya goti ilivunjika. Zakuani alikuwa na miaka 23. Msimu uliotangulia alikuwa amefunga mabao 10 katika ligi, na wengi walimhesabu kati ya mawinga hatari zaidi wa Marekani.

Zakuani hakimbii tena pembeni mwa uwanja, lakini wapenzi wa Sounders wameendelea kumsikia. Baada ya kustaafu aliingia katika matangazo ya timu yake ya zamani kama mchambuzi, akieleza kwa nini bao limeingia, beki amekosea wapi na kocha anajaribu kubadilisha nini. Pia ameandika kitabu, na ana shirika linalolea vijana kupitia mpira.

Kuna maelfu ya watu waliovunjika mguu kwenye mpira, na wengi wao hawakusikika tena. Zakuani alipata maisha ya pili kwa sababu ya njia aliyopitia kabla ya kuumia: njia ya chuo kikuu. Habari yake inastahili kusomwa Kolwezi, Likasi na Fungurume, ambako kila jioni vijana wanakimbiza mpira kwenye vumbi, na kila mmoja anaota kuvaa jezi ya Mazembe au Lupopo, kisha kuvuka kwenda Ulaya.

Kutoka Kinshasa hadi London

Zakuani alizaliwa Kinshasa tarehe 9 Februari 1988, wakati nchi ikiitwa bado Zaire. Alikuwa mtoto mdogo familia ilipohamia Uingereza, akakulia kaskazini mwa London. Nyumba ilikuwa ya watu wa mpira. Kaka yake Gabriel, aliyezaliwa mwaka 1986, alikuwa beki: alianzia Leyton Orient, akanunuliwa na Fulham mwaka 2006, kisha akacheza miaka mingi Peterborough United. Wakongomani wengi wanamkumbuka Gabriel akiwa na jezi ya Leopards kwenye Kombe la Afrika la 2015 huko Guinea ya Ikweta, ambako Kongo ilimaliza nafasi ya tatu.

Steve naye alionekana mapema. Akiwa bado mtoto aliingia katika akademi ya Arsenal, mahali ambapo mzazi yeyote wa London angejivunia kumpeleka mwanawe. Lakini alipoingia ujana, mlango ule ulifungwa. Kisha akapata ajali ya pikipiki ndogo, akaumia goti, na kwa muda mrefu hakuweza kucheza. Alipopona alifanya majaribio katika klabu mbalimbali za Ulaya bila kupata kazi ya kudumu.

Hapo ndipo hadithi za vijana wengi huishia. Umri unasonga, klabu kubwa imekwisha kusema hapana, na mwili umeanza kulalamika. Kwa Zakuani ulibaki mlango mmoja ambao vijana wengi wa Ulaya na wa Afrika hawaufikirii: kwenda Marekani kusoma, na kucheza mpira humo humo chuoni.

Akron, mji wa mpira kwa maana zote mbili

Mwaka 2007 Zakuani alianza kuchezea Chuo Kikuu cha Akron, katika jimbo la Ohio. Akron ni mji uliokua kwa sababu ya viwanda vya matairi. Kampuni ya Goodyear ina makao yake makuu pale. Mtu wa Kolwezi anauelewa mji wa namna hiyo bila maelezo mengi, kwa sababu Kolwezi nayo ilijengwa na kampuni, kwanza Union Minière du Haut-Katanga, baadaye Gécamines. Kampuni ikistawi mji unacheka, kampuni ikiyumba mji unalia.

Kocha wa Akron wakati ule alikuwa Caleb Porter, mtu aliyependa pasi za haraka na mawinga wenye kasi. Zakuani alimfaa. Mwaka wake wa pili, 2008, alifunga mabao 20, idadi iliyomweka juu ya wafungaji wote wa daraja la kwanza la vyuo vikuu vya Marekani. Jina lake likaingia kati ya wachezaji bora wa vyuo wa mwaka huo.

Michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani haifanani na mashindano ya wanafunzi tunayoyajua. Ni shughuli kubwa yenye viwanja, makocha wanaolipwa, madaktari na matangazo ya televisheni. Inasimamiwa na chama kinachoitwa NCAA. Mchezaji mzuri anaweza kupata ufadhili wa masomo, yaani bourse, lakini lazima kwanza aonyeshe kwamba amemaliza sekondari na kwamba alama zake zinatosha. Akishaingia chuoni, akianguka darasani anaweza kuzuiwa kucheza. Kwa miaka mingi timu ya kandanda ya wanaume iliruhusiwa kugawa bourse 9.9 tu kamili, ingawa kikosi huwa na wachezaji zaidi ya 20. Ndiyo maana wengi hupata sehemu tu ya gharama, na ushindani ni mkali.

Kwa hiyo yule anayefika pale analazimishwa kufanya mambo mawili kwa pamoja: asubuhi darasani, mchana mazoezini, usiku vitabu. Anajifunza kuandika kazi, kusimama mbele ya wenzake na kueleza wazo, kujibu maswali ya waandishi wa habari. Kijana wa miaka 20 anaweza kuona hayo kama mzigo. Baada ya mguu kuvunjika, hayo ndiyo yanayobaki.

Namba moja

Mwezi Januari 2009, ligi ya Marekani, MLS, ilifanya zoezi lake la kila mwaka la kugawa wachezaji wapya kutoka vyuoni. Seattle Sounders, timu iliyokuwa inaingia ligini kwa mara ya kwanza, ilikuwa na haki ya kuchagua mbele ya wote. Ilimtaja Zakuani. Mtoto wa Kinshasa akawa mchezaji namba 1 wa mwaka ule.

Tarehe 19 Machi 2009 Sounders ilicheza mchezo wake wa kwanza wa MLS, ikaifunga New York Red Bulls mabao 3 kwa 0. Mji wa Seattle uliipokea timu kwa namna ambayo ligi ilikuwa haijaiona: watu zaidi ya 30 000 kwa wastani walikuja kila mchezo wa nyumbani. Upande wa kushoto kulikuwa na Zakuani, kijana aliyependa kumfuata beki moja kwa moja na kumpita kwa kasi. Sounders ilichukua kombe la U.S. Open Cup mwaka 2009, ikalichukua tena 2010. Mwaka huo wa 2010 ndio alifunga mabao yake 10 ya ligi.

Huku kwetu mwaka 2010 unakumbukwa kwa sababu nyingine. Mwezi Desemba TP Mazembe ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi na kukutana na Inter Milan, jambo ambalo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imelifanya. Inter ilishinda 3 kwa 0, lakini Katanga yote ilikuwa imekwisha kucheza ngoma. Mwaka ule Mkongomani aliweza kuamini kwamba miguu peke yake inatosha kumfikisha mtu popote.

Siku 442

Miezi minne baadaye ikaja ile dakika ya 3 huko Colorado. Mifupa iliyovunjika ilikuwa mwanzo tu wa matatizo. Baada ya kuumia kwa namna ile, msuli unaweza kuvimba ndani ya ganda lake mpaka damu inakosa njia ya kupita. Wasipowahi kupasua na kutoa nafasi, mgonjwa anaweza kupoteza mguu. Ndilo lililomkuta Zakuani. Madaktari waliuokoa mguu kwa upasuaji, lakini mishipa ya fahamu iliumia, na ikabidi ajifunze upya mambo ambayo mtoto wa mwaka mmoja anayafanya: kuinua wayo, kukanyaga, kutembea.

Mullan alifungiwa michezo 10. Zakuani alichagua kutobeba chuki. Tarehe 7 Julai 2012, siku 442 baada ya kuumia, alirudi uwanjani Seattle katika dakika za mwisho za mchezo. Wapinzani siku hiyo walikuwa Colorado Rapids wale wale. Filimbi ya mwisho ilipolia, yeye na Mullan walikumbatiana mbele ya watu wote. Kipindi hicho cha kupona ndicho kilichozaa kitabu chake, 500 Days.

Kurudi ni jambo moja, kuwa kama zamani ni jingine. Ile kasi haikurudi yote. Mwisho wa 2013 Sounders haikuendelea naye, akachukuliwa na Portland Timbers, ambako kocha alikuwa Caleb Porter yule yule wa Akron. Baada ya msimu wa 2014 aliacha mpira. Alikuwa na miaka 26. Ukitaka kupima jinsi umri huo ulivyo mdogo, kumbuka kwamba Februari 2015, Leopards ilipochukua nafasi ya tatu kule Malabo, Robert Kidiaba alikuwa na miaka 39 na bado alikuwa golikipa wa taifa.

Kutoka pembeni hadi kwenye maikrofoni

Wamarekani wana mila ya zamani ya kumtoa mchezaji wa chuo kikuu na kumweka mbele ya kamera. Mila hiyo ina nguvu zaidi katika football yao wenyewe, ile ya mpira wenye umbo la yai. Kuna mchezaji mmoja anaitwa quarterback. Karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake: anapokea mpira, anasoma jinsi wapinzani walivyojipanga, na ndani ya sekunde chache anaamua amrushie nani. Mtu aliyezoea kazi hiyo tangu ujana wake anakuwa tayari ni nusu mchambuzi.

Mfano unaojulikana sana ni Kirk Herbstreit. Alikuwa quarterback wa Chuo Kikuu cha Ohio State, katika jimbo lile lile la Akron, mpaka mwaka 1992. Hakucheza hata mchezo mmoja katika ligi ya wanaolipwa, NFL. Lakini mwaka 1996 aliingia katika kipindi cha College GameDay cha televisheni ya ESPN, na miaka mingi baadaye sauti yake inajulikana kuliko ya wachezaji wengi waliofika mbali kumzidi uwanjani.

Zakuani alipita njia ya namna hiyo kwa upande wa kandanda. Kazi ya mchambuzi inaonekana rahisi kwa anayeitazama akiwa amekaa baa na chupa mezani. Mtangazaji anasema kilichotokea. Mchambuzi anatakiwa kusema kwa nini kimetokea, tena kwa maneno machache, kabla mpira haujaanza tena. Lazima awe ameangalia michezo iliyopita ya timu zote mbili. Lazima ajue kusema ukweli juu ya mchezaji ambaye jana walisalimiana, bila kumtukana na bila kumbembeleza. Na mtu akianguka akishika mguu, anayezungumza ni mtu anayejua maumivu hayo yakoje.

Nje ya matangazo, Zakuani alianzisha Kingdom Hope, shirika linalotumia mpira kuwalea vijana wa eneo la Seattle, na pia amewahi kuwafundisha wanafunzi wa sekondari. Anachowapa ni mazoezi, lakini pia mazungumzo juu ya maisha.

Mguu mwingine wa Mkongomani

Ili kuona uzito wa jambo hili, inafaa kuweka habari ya Zakuani kando ya ile ya Ndaye Mulamba. Mwaka 1974, huko Misri, Ndaye alifunga mabao 9 katika Kombe moja la Afrika, rekodi ya michuano hiyo. Katika fainali Zaire ilitoka sare 2 kwa 2 na Zambia, majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa shaba, kisha ikashinda 2 kwa 0 katika mchezo wa marudio. Mabao yote manne yalikuwa ya Ndaye.

Mwaka 1994 shirikisho la kandanda la Afrika lilimwita Tunisia kumpa heshima. Baada ya kurudi nyumbani alivamiwa na watu wenye silaha waliodhani amekuja na fedha nyingi, wakampiga risasi mguuni. Akaishia ukimbizini Afrika Kusini, akiishi Cape Town katika umaskini. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, watu walisimama kimya kwa dakika moja kumwombolezea, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea kwamba amekufa katika ajali ya mgodi wa almasi huko Angola. Alikuwa hai. Aliishi miaka mingine 20 na zaidi, akafariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019.

Ndaye alikuwa mchezaji mkubwa kuliko Zakuani. Hakuna mpenzi wa mpira atakayebisha. Tofauti ni kile kilichowasubiri baada ya mguu kuumia. Mmoja alikuwa na masomo, bima, madaktari, na klabu iliyomfungulia mlango wa studio. Mwingine alikuwa na sifa tu.

Wapo waliofanikiwa kupata njia nyingine. Kidiaba, baada ya kutundika glavu, alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la Haut-Katanga katika uchaguzi wa Desemba 2018. Nchini Tanzania, Ally Mayay, nahodha wa zamani wa Taifa Stars na mchezaji wa Yanga, alijulikana upya kwa kuchambua mpira katika televisheni, kisha akapewa wadhifa serikalini katika maendeleo ya michezo. Mayay alichambua kwa Kiswahili, lugha ile ile wanayobishana nayo wapenzi wa mpira wa Kolwezi siku ya Mazembe na Lupopo.

Mpira, shule na shimo

Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka katika ardhi hii. Lakini utajiri huo ni mtego kwa mtoto wa shule. Mwaka 2014 kobalti ilipogunduliwa katika mtaa wa Kasulo, watu walianza kuchimba ndani ya nyua zao na hata ndani ya nyumba. Mwezi Juni 2019 makumi ya wachimbaji wadogo, wale wanaoitwa creuseurs, walikufa baada ya udongo kuporomoka katika mgodi wa KOV. Kijana anayeacha shule kwenda kwenye carrière anaweza kupata fedha jioni ile ile. Kijana anayebaki darasani anangoja miaka.

Mpira unasimama katikati ya hayo mawili. Unampa kijana sababu ya kutoingia shimoni, lakini nao unaweza kumtoa shuleni, kama mzazi na kocha wanaamini kwamba kipaji hakihitaji daftari. Akademi ya Katumbi, iliyofunguliwa Lubumbashi mwaka 2012, inaweka masomo na mazoezi pamoja. Si kila timu ya mtaa inaweza kufanya hivyo, lakini kila mzazi anaweza kuuliza maswali machache kabla ya kumkabidhi mtoto kwa kocha au wakala: mazoezi yanaanza saa ngapi, na shule inaisha saa ngapi? Mtoto akiumia nani analipa hospitali? Na kama wakala anaahidi Marekani, kwa nini haulizi habari za diplome d'Etat?

Swali hilo la mwisho ndilo linalofichua matapeli wengi. Kijana asiye na diplome hawezi kupita njia aliyopita Zakuani, hata afunge mabao 50 kwa mwaka. Ni lazima pia ajue Kiingereza, lugha ambayo Zakuani aliipata kwa kukulia London, lakini ambayo kijana wa Kolwezi anapaswa kuitafuta kwa bidii yake mwenyewe. Vijana wengi hawatafika Marekani, na hilo si janga. Kolwezi ina chuo kikuu chake, na miji ya shaba ina redio zinazozungumzia mpira karibu kila siku.

Redio hizo zinahitaji watu wanaojua kwa nini beki alichelewa. Watu hao wapo: ni wale waliocheza viwanjani hapa hapa, wakaumia au wakazeeka, na sasa wanakaa nje ya uwanja wakilalamika kwamba mtangazaji hajui anachosema. Waliosoma kidogo kati yao wako tayari kwa maikrofoni kuliko wanavyofikiri. Kwa wadogo wao, ambao bado wana miguu mizima, daftari na mpira bado vinaweza kubebwa katika mfuko mmoja.